Vidonge Kwenye Pindo la Kanga

Mama,

Nakuandikia kwenye daftari la Marwa, kurasa za nyuma, maana za mbele amejaza hesabu. Usicheke mwandiko wangu. Wewe ndiye uliyesema darasa la nne langu linatosha kuandika jina na kugombana na walanguzi wa mahindi. Leo linagombana na watu wengine.

Kwanza habari za nyumbani. Ng'ombe mwekundu amezaa, jike. Robi ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anacheka kama wewe. Pale ulipolala majani yalianza kuota, nimeyang'oa kwa mkono, sikutaka jembe lipite karibu yako.

Sasa lililonileta. Shemeji yako Chacha anataka nihame, nirudi kwetu Nyamisangura, watoto niwaache. Anasema nyumba imefungwa. Mimi sihami, Mama. Nataka uijue sababu, kwa kuwa na wewe umo ndani ya sababu hiyo.

Siku ile ulikuwa unapepeta ulezi. Nilisikia ungo unaanguka na ulezi unamwagika, nikatoka jikoni nalaumu kabla sijakuona. "Mama, ulezi wote huo!" Maneno hayo bado yananiuma. Nikakukuta umeinamia upande, mdomo umeshuka kulia, jicho linaniangalia kama unaniuliza mimi ni nani.

Chacha akaja na watu wake. Umetupiwa kitu, wakasema. Asichomwe sindano, sindano ndiyo inaua watu waliopooza. Mmoja alishakoroga maziwa na majani akutilie mdomoni. Nikasimama mlangoni nikasema bodaboda imeshafika. Chacha akaniuliza, "Nani amekupa ruhusa?" Tulikufunga kwa ile kanga yako ya njano kwenye mgongo wa dereva, mimi nimekukumbatia kwa nyuma, kutoka Manchira mpaka Mugumu, na njia yote nilikuwa nakuwekea kidole puani nisikie kama unapumua. Dereva akasema, "Mama, utamziba pumzi mwenyewe." Nikamwambia aangalie barabara.

Mugumu wakatutuma Mwanza kupigwa picha ya kichwa. Daktari akatuonyesha doa jeupe. Akasema damu imevujia ndani ya ubongo, presha imepasua mshipa. Nikamuuliza, kwa hiyo hakuna mtu aliyemtupia? Akasema, "Mama, hii ni presha. Ilikuwa inamla siku nyingi, kimya kimya."

Huko ndiko tulikokutana na Neema, yule nesi wa utafiti anayetokea Bukoba, aliyekuwa anakusalimia shikamoo mara mbili kwa kuwa ya kwanza hukuijibu. Alikaa chini akanieleza polepole. Wanataka kujua kama mtu aliyevuja damu kichwani anapata nafuu zaidi ndugu yake akifundishwa kumhudumia nyumbani, mazoezi, kulisha, na vidonge vya presha kila siku bila kukosa. Wengine watafundishwa, wengine wataendelea na kliniki kama kawaida, halafu walinganishe. Bahasha iliyofungwa ndiyo inachagua nani aingie kundi gani. Naruhusiwa kukataa, na wewe utatibiwa vilevile. Nilimfanya aisome ile fomu tangu mwanzo tena, maana nilishasikia ya watu wanaopeleka damu za wazee Ulaya. Akasoma tena, hakukasirika. Halafu akauliza, "Wewe ni nani kwa mgonjwa?"

Nikasema, "Mke."

Peni ikasimama. Akaniangalia, akakuangalia wewe. Nikamwambia andika. Huyu mama alifiwa na mume, hakuwa na mtoto wa kiume, akanioa kwa ng'ombe wake mwenyewe ili nimzalie watoto wa nyumba yake. Kwetu inaitwa nyumba ntobhu. Marwa na Robi ni watoto wake kabla ya kuwa wangu. Neema akasema kwenye fomu kuna kisanduku cha mume, mke, mtoto na ndugu. Nikamwambia, basi cha mke kipo, tatizo liko wapi? Akacheka mpaka akafuta macho, akaweka alama ya vema. Bahasha ikafunguliwa, tukaangukia kwenye kundi la kufundishwa.

Tukarudi nyumbani na mpira wa matambara wa kuminya, na kadi yenye visanduku vya kila siku. Unakumbuka mazoezi? Mguu juu, mguu chini. Watoto wanahesabu, Robi anaruka namba. Uji mzito, umekaa wima, kijiko kidogo, meza, tena meza. Niliogopa kila kitu. Ulipokohoa niliogopa, ulipoacha kukohoa niliogopa zaidi. Na neno lilibaki moja tu, ng'ombe. Ukitaka maji, ng'ombe. Marwa akichelewa shule, ng'ombe! kwa ukali. Chacha alipokuja kukutazama ukamwambia ng'ombe kwa sauti fulani, nikalazimika kutoka nje nikacheke. Halafu ukaanza kusimama kwa fimbo. Halafu ukafika kwenye zizi. Neema alipopiga simu yake ya kila wiki nilimpigia kelele, amefika zizini! Naye akapiga kelele.

Na kidonge. Kila asubuhi nakutilia mdomoni, nakupa maji, naweka vema kwenye kadi. Siku nyingine naweka vema kabla hata hujashusha maji, maana ng'ombe wanalia na watoto hawajavaa. Kadi yangu ilikuwa safi, Mama. Imejaa vema kama daftari la mtoto hodari. Neema alinisifu, nami nilijivuna.

Mvua zilipoanza, asubuhi moja ulishika kichwa, ukasema ng'ombe mara moja, taratibu, kama unaaga. Tulifika Mugumu umeshaondoka.

Tulipomaliza kukuzika nilichukua ile kanga ya njano nikaifue. Uliing'ang'ania miezi yote hiyo, hukutaka niiguse, nikasema ni uzee. Fundo la pindoni nilidhani ni ugoro wako. Nikafungua. Vidonge. Vingine vimelainika kwa mate halafu vikakauka, vingine vizima. Nilikaa chini pale karibu na karai, povu likanikaukia mikononi.

Nikakumbuka yote kwa pamoja. Mimi naumwa kichwa tangu nilipomzaa Robi, unajua. Nilikuwa nafunga kitambaa kipajini naendelea na kazi. Na wewe ulikuwa unanigusa hapo kipajini kwa mkono wako mzima, ng'ombe, ng'ombe, halafu unanitia pindo la kanga mkononi. Mimi nikadhani unataka nikufunge vizuri. Nikawa nakufunga. Kila mara nakufunga vizuri na vidonge vyangu ndani, na unaniangalia kwa hasira, na mimi nasema, "Haya, Mama, umependeza."

Ulikuwa unatema nikigeuka. Ulijinyima ukaniwekea mimi.

Nimekukasirikia. Niseme ukweli, nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nani alikutuma? Nilikuomba lini? Ulinioa ili nyumba isimame, halafu unang'oa nguzo unipe mimi nikalie! Nimelia kwenye zizi ambako watoto hawasikii. Ng'ombe mwekundu ndiye shahidi.

Basi, Neema akatuma habari kwamba atakuja kwa maswali ya mwisho. Mgonjwa akifa, wanauliza alivyokufa na kama dawa alikunywa. Chacha akapata habari, akaja siku moja kabla. Nilikuwa nimeshamwonyesha vile vidonge, kosa langu, nilikuwa na majonzi nikatafuta mtu mkubwa wa kumwambia. Akaniambia, "Utasema alikunywa vyote. Kadi inasema alikunywa. Ukisema vingine, ni wewe uliyekuwa unamlisha, kwa hiyo ni wewe uliyemuua. Na mwanamke aliyemuua aliyemwoa hakai kwenye nyumba yake." Halafu akaongeza, "Uliolewa na kanga, binti. Kanga imekufa."

Sikula siku ile. Nilizunguka uani kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Nikisema kadi ni sahihi, nabaki na nyumba, nabaki na watoto, hakuna atakayejua. Vidonge navitupa chooni, vimekwisha. Karibu nivitupe, Mama. Nilishafika mlangoni mwa choo.

Kilichonirudisha ni hiki. Nilifikiri vile visanduku vyangu vitakavyosomwa. Watasoma, bibi huyu wa Manchira alikunywa dawa kila siku, na bado mshipa ukapasuka. Watajumlisha na wengine. Na mtu mwingine mahali pengine ataambiwa dawa hii haisaidii sana, naye ataacha, kwa sababu mimi Nyangi nilimwogopa Chacha. Uongo wangu utakuwa unawatibu watu nisiowajua. Nikarudi ndani.

Neema alikuja asubuhi. Chacha alishakaa kwenye kiti chako, miguu ameinyoosha. Neema akanipa pole, tukalia kidogo, akatoa makaratasi. Akauliza dawa alikunywa vipi. Chacha akakohoa. Mimi nikaweka ile kanga mezani nikafungua fundo.

Nikasema yote. Kwamba nilikuwa naweka vema bila kuangalia. Kwamba ulikuwa unatema. Kwamba ulikuwa unanihifadhia mimi. Chacha akasimama, "Umesikia, nesi! Kakiri mwenyewe!" Nikamwambia, "Kaa chini, Mzee, nesi hajamaliza kuandika." Sijui niliyatoa wapi maneno hayo.

Neema hakunigombeza. Alivihesabu vidonge kwa ncha ya peni, akaviandika. Akasema hakuna anayeweza kuapa kwamba kuvikosa hivyo tu ndiko kulikokuua, ubongo uliokwisha kuvuja damu unaweza kuvuja tena hata kwa anayekunywa. Lakini akasema pia, bila kunificha, kwamba kuvikosa kulikuongezea hatari. Nikashukuru kwa hilo. Kubembelezwa kwa uongo nisingeweza kuvumilia. Akasema watu wengi wanagawana dawa kwa upendo, na kwenye kadi hapakuwa na swali linalouliza hivyo. Atawaambia wakubwa wake waliweke.

Halafu akanifunga ile mashine mkononi. Ikabana, ikapumua. Akaangalia mara mbili. Presha yangu iko juu, Mama. Juu sana. Ulikuwa hujui kusema maji lakini hilo ulilijua. Akaniambia nisiguse hata kimoja cha kwenye fundo, dawa ya mtu si ya mwingine, niende Mugumu nipimwe nipewe yangu. Nimekwenda. Nimepewa yangu.

Na unajua Chacha? Baada ya kelele zote zile, alipoona Neema anakunja mashine, akasogeza kiti. Akapandisha mkono wa koti. "Hebu pima na hapa, basi." Neema akapima. Uso wa Neema ukabadilika. Nilitamani ungekuwepo useme neno lako. Sasa tunakutana kliniki Mugumu, benchi moja, yeye anaangalia ukutani.

Lakini kikao cha ukoo alichokiitisha ili nitolewe hapa hakukifuta. Ni Jumamosi hii, hapa hapa uani. Wanasema watauliza mimi ni nani kwenye nyumba hii. Nimemwomba Neema anisomee tena ile karatasi ya mwisho, palipoandikwa jibu limetolewa na nani. Akasoma. Imeandikwa mke. Hakuna kwenye karatasi yote neno lililokatwa wala kufutwa, na kosa langu limo pale pale chini ya jina langu. Aliyeweza kusema lililo baya juu yake mwenyewe mbele ya Chacha, Jumamosi atashindwa kusema lililo zuri? Nitasema nilikosea kadi. Nitasema sikukosea kukubeba. Wakitaka kunitoa wanibebe kama nilivyokubeba wewe, na wajue mimi ni mzito kuliko wewe, na nitashikilia mlango.

Nimefua kanga. Jumamosi nitaifunga kiunoni, haina fundo.

Lala, Mama. Hasira yangu imepungua leo, kesho sijui. Nakuahidi jambo moja, na hili hutaliharibu: kila asubuhi nameza changu mbele ya watoto, nafungua mdomo, Robi anachungulia chini ya ulimi kama askari wa mpakani. Akiridhika, ndipo Marwa anaweka vema.

Mimi mke wako,
Nyangi