Kipa wa Helmeti ya Bodaboda

Nzuguni, Dodoma

Mdogo wangu Denis,

Nakusalimu kwa upendo, na kupitia kwako mama apokee shikamoo yangu. Naomba barua hii iwakute wazima, na kifua cha mama kiwe kimetulia baada ya baridi ya Julai. Mimi napumua, nakula, na kazini nakwenda. Mengine utayasoma humu.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu ya nyumbani anapokea mama, na mama hajawahi kuongea na simu bila kuweka spika, ili majirani wote wajue kwamba mwanawe amepiga. Haya ninayoyasema si maneno ya spika. Ndiyo maana barua nimempa shemeji yetu Ludovick, kwa kuwa lori lake la mbao linarudi Makete, na nimemwambia akukabidhi wewe mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Ujumbe wako wote nimeupata. Umeniambia umeshamuaga Fundi Ibrahimu, randa yake umeirudisha, na unangoja neno langu moja tu upande basi uje kucheza hoki huku. Umesema kijiji kizima kimeiona ile video, na vijana wa Tandala sasa wanakuita Mdogo wa Kipa. Umesema una miguu myepesi kuliko yangu, na ukamalizia kwa kuniambia nisiwe mchoyo. Hilo neno la uchoyo limenikaa, Denis. Ndiyo maana nakujibu kirefu, mimi ambaye shule niliiacha kidato cha pili na kalamu inanichosha kuliko sepetu.

Wewe unajua kwamba niko kwenye timu. Hukuwahi kuniuliza niliingiaje. Nilikuwa kibarua wa kubeba zege hapa Nzuguni, jirani na ghala la baridi ambalo mzee mmoja wa mjini, Gulamrasul, alilijenga zamani kuhifadhia zabibu. Biashara ya zabibu ilimshinda, ghala likabaki tupu. Mwanawe Sameer aliporudi kutoka masomoni ng'ambo akasema ataligeuza uwanja wa barafu, kwa sababu kulikuwa kunaanzishwa ligi ya hoki ya kulipwa yenye timu nne: Dodoma, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Alikuja pale kwenye ujenzi akauliza nani kati yetu haogopi baridi. Wenzangu walikuwa Wagogo na Warangi, watu wa jua, wakacheka. Yotham wa Mvumi akaninyooshea kidole, akamwambia amchukue huyu Mkinga, kwao maji huchotwa kwa shoka. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Sikuajiriwa kucheza. Niliajiriwa kutengeneza barafu.

Kazi yenyewe ni kama kumwagilia bustani. Unamwaga maji kidogo, unangoja yagande, unamwaga tena, na wachezaji wakishayachana kwa viatu vyao vya chuma unafagia unga wake na kuanza upya. Kisima cha hapa kina maji ya chumvi, barafu yake hulainika katikati kama ugali ambao haujaiva. Kwa hiyo maji matamu huletwa na boza. Kila boza likiingia, wanawake wa mtaani hulifuata na ndoo mpaka getini, na mlinzi huwafukuza. Mama Restuta, anayeuza uji pale nje, aliniuliza siku moja kama ni kweli yale maji tunayagandisha ili watu wayakanyage. Nilimjibu ndiyo. Alinipimia uji wangu tu, lakini siku hiyo sikuweza kukaa kwenye benchi lake nikaunywa.

Msimu wa kwanza watu walikuja kushangaa. Nje jua linachoma mpaka mbuzi wanajibanza ukutani, halafu unafungua mlango mmoja unakuta watu wamejifunika mablanketi na makoti ya harusi. Wazee walikuja na migolole yao, wakaigusa barafu kwa fimbo, wakaulizana huyu Mhindi amepata wapi wazimu huu. Tulimaliza wa mwisho, na hakuna aliyejali. Msimu wa pili, huu uliokwisha, mambo yakabadilika. Tukaanza kushinda, watu wakaanza kununua tiketi, na kushindwa kukawa aibu ya mji mzima.

Kipa wetu alikuwa Hashimu, mtu wa Tanga, mpole sana. Mazoezini wachezaji walitaka magoli mawili na kipa alikuwa mmoja, basi mimi nikawa naweka ufagio chini na kusimama goli la pili. Nilikata sponji ya godoro, nikaifunga miguuni kwa mpira wa tairi la baiskeli. Hashimu alinifundisha kuziba pembe na kutofumba macho kisahani kikija. Kile wanachokipiga kwa magongo ni kisahani cha mpira mgumu, na kabla ya mchezo hugandishwa ili kisidunde. Kikikupiga pajani unakumbuka wiki nzima. Lakini nilikuwa nadaka, Denis. Sijui nilipata wapi, ila nilikuwa nadaka.

Katikati ya msimu Nairobi walimchukua Hashimu. Aliondoka na vifaa vyake vyote, hata kinyago cha chuma cha kufunika uso, kwa sababu vilikuwa mali yake. Sameer akaniambia nitasimama golini mimi mpaka apatikane kipa mwingine, na kwamba kinyago kipya kimeshaagizwa, kipo njiani. Jumamosi ikafika, kinyago hakijafika. Yotham siku hizo alikuwa ameacha zege, anaendesha bodaboda, na kijiwe chake ni hapo getini. Sameer akatoka nje, akamvua Yotham helmeti yake nyekundu, akaja akanivalisha. Akasema ni ya mchezo mmoja tu.

Nilicheza nayo mpaka mwisho wa ligi.

Watu wa Kampala walinizomea sana. Nikisimama tu wanapiga kelele kutoka jukwaani, "Kipa, mpaka mjini bei gani?" Wetu wakatafuta jibu, na baada ya muda ghala zima likawa linaimba, "Leo hapakii! Leo hapakii abiria!" Yotham alinitania kwamba helmeti yake inacheza ligi ya kulipwa wakati mwenyewe bado anabeba magunia ya mkaa. Nilicheka. Nataka ujue kwamba nilikuwa na furaha, nisije nikakudanganya kwa upande huo. Nimekaa Dodoma miaka, na mahali pote nilipofanya kazi niliitwa wewe Mkinga, au wewe wa zege. Mle ndani, kwa mara ya kwanza, watu nisiowajua walikuwa wananiita Joshua.

Sasa ile video. Ni ya mchezo wa mwisho, sisi na Nairobi, na mshindi ndiye aliyekuwa anachukua kombe. Umeniona nikidaka mara tatu mfululizo, ya tatu nimelala chali, halafu nakiinua kisahani juu na watu wanarukaruka. Video inaishia hapo. Aliyekuwa anarekodi alizima simu ili apate mikono ya kupiga makofi. Ngoja nikusimulie ambayo hakuyarekodi.

Kioo cha helmeti ya bodaboda kimetengenezwa kwa ajili ya upepo wa barabarani. Ukisimama kwenye baridi huku unahema, kinajaa ukungu. Kila mchezo ilikuwa hivyo: nadaka, nakifungua, nafuta kwa glavu, nafunga. Siku ile nilikuwa nimehema sana. Ukungu ulikuwa kama ule wa Kitulo alfajiri, unasikia ng'ombe lakini humwoni. Nilisikia viatu vinakuja, gongo linagonga barafu, na sioni kitu. Nikafungua kioo nione. Mchezaji wa Nairobi alikuwa ameshapiga. Simlaumu, hakuwa na sababu ya kuningoja nifute kioo.

Sikusikia maumivu mwanzoni. Nilidhani taa za upande mmoja zimezimika.

Sameer alikuja akiteleza na viatu vyake vya ofisini, akaniuliza kama naweza kusimama. Akasema muda uliobaki ni mdogo, tunaongoza kwa goli moja, na kipa mwingine hatuna. Wakachukua barafu, ile ile niliyoimwaga mwenyewe asubuhi, wakaifunga kwenye skafu ya shabiki na kunikaza nayo kichwani, wakanirudishia helmeti juu yake. Usifikiri nilishikiwa panga. Ningeweza kukaa chini. Nilisimama kwa sababu walikuwa wananiita jina, Denis, na nilitaka waendelee kuniita. Upande ule sioni, upande huu naona nusu, nikaziba goli kwa kifua. Tukashinda.

Wenzangu walikimbilia kombe. Aliyekuja kwangu ni Hashimu, kutoka goli la pili, na jezi yake ya Nairobi. Alinivua helmeti taratibu, akafungua skafu, akatazama, akaanza kulia huku anawapigia kelele watu wetu kwamba mnabeba bati mnamwacha mtu. Yotham ndiye aliyenitoa. Alinipeleka hospitali ya Mvumi kwa pikipiki yake, vumbi lote lile, na akanivalisha helmeti ile ile kwa sababu hatukuwa na nyingine. Safari hiyo abiria nilikuwa mimi. Madaktari walihangaika nami kwa upole, kilichoweza kufanywa kilifanywa. Nilikaa kwa mama yake Yotham mpaka kidonda kilipofunga.

Jicho langu la kulia halipo. Nimeliandika kwa kifupi kwa sababu sijui njia nyingine ya kuliandika. Siku hizi nikimimina chai naimimina nje ya kikombe. Mama Restuta ameacha kunipa kikombe nijimiminie, ananimiminia yeye na kuniwekea mkononi, na anajifanya anaongea na mteja mwingine.

Sameer alikuja Mvumi kunijulia hali na boksi la zabibu. Alikuwa na adabu. Alisema timu inasikitika. Alisema pia kwamba bima ni ya wachezaji, nami niliajiriwa kwa kazi ya barafu, kule golini nilikuwa nasaidia tu. Akaongeza kwamba kioo nilikifungua kwa mkono wangu mwenyewe, watu wote waliona. Alikuwa anakula zabibu zile wakati anaongea, moja moja, na mbegu anaziweka kwenye leso. Akasema kazi yangu ya barafu ipo, nirudi wakati wowote. Nimerudi. Ningekwenda wapi?

Halafu akaniuliza jambo la mwisho. Akauliza kama huko kwetu Makete nina ndugu, kijana, mwepesi, asiyeogopa baridi. Alisema nauli atatuma yeye, na atamwandika kuwa mchezaji tangu siku ya kwanza. Alisema kile kinyago cha chuma kimefika. Na ni kweli, Denis, kimefika. Nimekiona kimetundikwa ofisini kwake. Kizuri, cheupe, na hakina kioo cha kuingia ukungu. Nilikijaribu siku moja alipotoka, kikanikaa sawasawa.

Nikamwambia sina ndugu. Nilimwambia mama alinizaa mimi, basi. Yotham alikuwa amekaa pale mlangoni, na wewe anakufahamu kwa jina, maana nimemsimulia habari zako mpaka amechoka. Alinitazama, akanyanyuka, akatoka nje.

Kwa hiyo umekuwa ukingoja neno langu, na neno langu nimeshalisema, ila sikukwambia wewe. Nimekukana mbele ya mtu aliyekuwa na nauli yako mfukoni. Ungeniuliza kwa nini, ningependa kusema nilikuwa nakulinda. Lakini umeniita mchoyo, nami nimejichunguza usiku na mchana, na sijui. Huenda nilikulinda. Huenda sikutaka kufagia barafu wakati wewe umesimama pale nilipokuwa nasimama, umevaa kinyago ambacho mimi sikupewa, na watu wanaliita jina lako. Siwezi kuyatenganisha mawili hayo. Lichukue lolote kati yake, matokeo ni mamoja.

Usije. Nenda kwa Fundi Ibrahimu kesho asubuhi, umsalimie vizuri, umwombe tena ile randa yake. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie ukiwa hapo hapo unapiga mbao. Na kama utakaidi upande basi, ukafika getini hapa ukamwambia mlinzi kwamba wewe ni mdogo wake Joshua, nitaitwa kutoka ndani nije nikutambue. Nitakuja na ufagio wangu, nitakutazama kwa hili jicho lililobaki, na nitasema sikujui. Mara ya kwanza ilikuwa ngumu. Ya pili nadhani nitaiweza.

Mama usimwambie habari ya jicho. Nitamwambia mwenyewe nitakapokuja, na nitakuja viazi vikishachimbwa. Akiuliza umeandikiwa nini, mwambie nauliza habari za kifua chake na kama paa la jiko limezibwa. Kweli nauliza. Mpe dada yetu Hilda salamu, na umwambie mumewe Ludovick ni mtu mwaminifu. Fundi Ibrahimu naye msalimu sana. Majirani wakiuliza habari za kipa, waambie anaendelea na kazi.

Kaa salama, Denis. Hilo jina nimeliandika mara nyingi humu kwa sababu huku siwezi tena kulitaja.

Ni mimi kaka yako, ambaye Dodoma hana ndugu,

Joshua