Goti Langu na Ukuta wa Mama Mkwe

Vitengeni

Dada yangu Esha,

Shikamoo. Kabla sijaanza yangu, niambie hali ya mama. Kifua kimetulia? Anakula? Na wewe mgongo vipi, au bado wabeba ndoo mbili kama msichana anayetafuta mchumba? Mimi ni mzima kuanzia utosini hadi pajani. Kutoka hapo kushuka chini ndiyo habari ya barua hii.

Najua wasubiri jibu moja tu: shemeji aje kunichukua mwisho wa mwezi, nikauguzwe na mama huko Faza, au asije. Kwa moyo wangu, ningetaka aje jana. Na usishangae naandika na simu ninayo. Nyumba hii ya wakwe kuta zake hazifiki juu. Nikipiga chafya, mama mkwe chumba cha pili anasema pole. Nikikusimulia kwa simu, nitakuwa namsimulia yeye.

Unajua nilivyoanguka kule Mtwapa nikiezeka, nikapasuliwa goti. Mshono ulipona, lakini kovu limeshika. Ngozi imegandamana na nyama ya chini, na kila nikitaka kukunja mguu ni kama mtu yuko ndani anauvuta. Chumba chetu cha kupanga kiko ghorofani, ndipo mke wangu Kadzo akasema twende kwao, mamake ataniangalia. Mama mkwe ni mkandaji. Wanawake waliojifungua huku karibu wote wamepita mikononi mwake, na siku hizi amepata mafunzo ya kubonyeza mahali maalumu mwilini ili kupunguza maumivu, na ya kulegeza makovu. Nikafurahi. Nikasahau kwamba mimi ni mkwe wake.

Huku kwao, Dada, mama mkwe na mkwe mwanamume hawagusani. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Sisi kwetu ungebusu mkono, mambo yakaisha. Basi mtaalamu yumo ndani, mgonjwa yumo ndani, na katikati upo ukuta wa udongo. Wala siwezi kutoroka. Hata nikienda chooni lazima nikohoe kwanza, ajue napita, nikikokota mguu ulionyooka kama mchi.

Tiba ikawa ya kuitana ukutani. Kadzo ananipaka mafuta ya nazi, mamake anaelekeza kutoka upande wa pili.

"Kadzo, shuka chini ya pia ya goti, vidole vinne, upande wa nje. Umepata kishimo?"

"Nimepata, mama."

"Bonyeza. Haya, sasa kovu. Lisogeze kushoto, lisogeze kulia, polepole. Muulize mumeo, pauma?"

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Mtu mzima mwenye mvi, nilie mkwe wangu akisikia? Nikauma meno.

"Hapaumi hata kidogo, mama!"

"Basi hujafika, Kadzo. Kaza."

Kadzo anakaza.

"Na sasa?"

"Raha tupu, mama!"

Machozi yanitoka, na Kadzo aninong'oneza, "Mwongo mkubwa we." Kila siku mimi nikazidi adabu, naye akaambiwa azidi kukaza, mpaka goti likavimba kama dafu. Hata ule mkunjo mdogo niliokuja nao ukapotea.

Juzi Kadzo alikwenda shambani. Nimelala, nawatoa makosa waliofunga makuti ya paa hili, nikasikia kikohozi mlangoni. Mama mkwe huyo, leso moja kajifunika hadi usoni, nyingine ameishika. Akakaa ubavuni mwangu, uso kaugeuzia ukutani.

"Kadzo," akasema, "mwambie mumeo anyooshe mguu."

Nikatazama huku na huku. Kadzo yuko ng'ambo ya bonde, apalilia mahindi.

"Kadzo," nikajibu na mimi, "mwambie mama huu mguu hauna kazi nyingine ila kunyooka."

Akatandika leso juu ya goti, akaweka mikono juu ya leso. Haikukaza popote. Ilitulia juu ya uvimbe, ikapita kando ya kovu bila kuligusa, ikazunguka nyuma ya goti, ikabonyeza katikati ya mkunjo, taratibu. Nikapiga ukelele, kuku wakatawanyika uani.

Akaondoa mikono. Halafu akaniita kwa jina, mara ya kwanza tangu nioe.

"Omari. Siku zote hizi ulikuwa waumia?"

"Niliona haya, mama."

"Mimi nyuma ya ukuta sioni kitu. Nakuangalia kwa sauti yako. Ukinidanganya, nitakulemaza. Goti halijui mkwe."

Nikapata ujasiri, nikamuuliza kuhusu safari.

"Uvimbe ushuke kwanza," akasema. "Kisha tuanze upya, kidogo kidogo, kila siku. Ukiondoka sasa, kovu litashika moja kwa moja, na mamako atapokea gogo."

Akainuka, akaniachia leso gotini.

Basi, Dada, shemeji asije. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaweka kalamu chini, nikaitazama. Nimechoka kukohoa kila nikitoka. Nimechoka kula peke yangu nyuma ya pazia kama bibi harusi, tena bibi harusi mwenye ndevu. Lakini nikija na mguu huu, nitakuwa nimehamishwa kifungo tu, na wafungwa tutakuwa wawili, mimi na wewe wa kunibeba. Mama atasema hata yeye ana mikono. Mwambie najua, na kwamba nimelia kidogo nilipoandika hapa.

Nibusie mkono wake. Msalimie shemeji, umwambie nauli hiyo akununulie wewe viatu. Watoto wako wote, mmoja mmoja, hata yule anayenicheka. Shangazi naye, asiache kuniombea dua. Kadzo anakusalimu sana.

Leo asubuhi tumeanza upya, Kadzo na mafuta yake, mamake nyuma ya ukuta. Kidole kilipogusa kovu nikalia kwa sauti, waziwazi, majirani wakasikia.

"Vizuri," mama mkwe akasema. "Hapo hapo, Kadzo. Usipite anapolilia."

Ndugu yako,
Omari