Saa Uliyoiandika kwenye Kompyuta

Mama, shikamoo.

Najua marahaba yake haitakuja, lakini uliniambia barua isiyo na salamu ni kama mtu kuingia ndani bila hodi, na leo sitaki kuongeza kosa juu ya kosa. Nakuandikia habari ya kosa moja nililolifanya mimi, nikambebesha mwenzangu.

Habari yenyewe inahusu kompyuta yako, ile ndogo nyeusi ya kukunja niliyokuletea kijijini Mbuchi ulipostaafu ualimu. Ulitaka kuandika ukoo wetu, nani kamzaa nani, nani alishuka kutoka milimani kuja kulima mpunga na nani alizaliwa hukohuko deltani. Daftari ulikuwa nalo, ila panya walikuwa wameshalionja mara mbili, ukasema unataka kitu ambacho panya hawali. Nikakuambia panya wanakula nyaya. Ukajibu kwamba nyaya utazitundika, na kweli ulizitundika, kwenye msumari wa kalenda.

Unakumbuka tulivyokaa barazani kwenye mkeka, mimi nafundisha, wewe unanisahihisha namna ya kufundisha. Ulisema naenda mbio, na kwamba mwanafunzi hasogezwi mbele kabla hajarudia mwenyewe. Nilikasirika kidogo, maana hapa Kibiti mimi ndiye fundi, watu wananiletea mashine kutoka Utete mpaka Mtawanya na hakuna anayenifundisha kazi. Lakini ulikuwa na haki. Uliporudia mwenyewe mara tatu, hukusahau tena.

Tatizo la mashine yako lilikuwa moja. Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo ya duara, mfano wa kifungo cha koti, na kazi yake ni kuitunzia mashine mambo machache hata ikiwa imezimwa: leo ni tarehe ngapi, sasa ni saa ngapi, na ikiwashwa ianzie wapi. Ya kwako ilikuwa imekufa. Kwa hiyo kila chaji ilipoisha kabisa, na iliisha kila baada ya siku chache kwa sababu mlitegemea paneli moja ya sola ya kaka Salehe, mashine iliamka haijui lolote. Ilileta kioo cheusi na maandishi meupe, ikilalamika kwamba haina tarehe na haioni diski ya kuanzia.

Nilikuahidi kuibadilisha. Idi ya kwanza niliisahau dukani. Safari ya pili nilikuja nayo, tukafungua, kumbe nimebeba ya saizi nyingine. Ukacheka mpaka ukashika ubavu, ukasema mafundi wote mko hivyo, kwa watu mnakimbia, kwenu mnasahau vifaa. Badala ya betri nikakuachia karatasi.

Ile karatasi niliiandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wangu mbaya unaoujua. Washa, kisha bonyeza F2 mfululizo mpaka utokee ukurasa wa buluu. Tembea kwa mishale, usiguse kitu kingine. Andika tarehe. Angalia saa yako ya mkononi, andika ni saa ngapi, na ikiwa ni tarakimu moja tanguliza sifuri. Nenda ukurasa wa kuwashia, pandisha diski iwe ya kwanza kwenye orodha. Bonyeza F10, kisha Enter, subiri. Ulinisomea yote kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili, halafu ukanitazama juu ya miwani.

"Kompyuta yako ina kiburi," ulisema. "Kila siku inataka iambiwe leo ni lini, na mzee ni mimi."

Ukaikunja karatasi ukaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi la mashine. Toka siku hiyo hukunipigia simu hata mara moja kuomba msaada. Nilijisifu dukani kwamba mama yangu, mwalimu mstaafu, anaingia mwenyewe kwenye mipangilio ambayo vijana wa chuo wanaiogopa.

Sasa nije kwenye kosa. Ulipougua presha na miguu ikaanza kuvimba, Mwanaidi, mke wa Salehe, ndiye aliyekuuguza. Mimi nilikuja siku tatu nikarudi kwenye kazi. Kwa simu uliniambia unalala vizuri, nikaridhika kwa sababu kuridhika kulinifaa. Ulipofariki nikaichukua mashine, na hapa dukani nikaitoa diski nikaiunganisha kwenye kompyuta yangu ili niusome huo ukoo. Kabla ya kusoma majina nikatazama saa za mafaili, ndiyo desturi yetu. Ukurasa mmoja ulihifadhiwa saa tisa kasoro dakika tano usiku. Mwingine saa tisa na dakika arobaini usiku. Wa mwisho, siku sita kabla hujatutoka, saa kumi na dakika kumi alfajiri.

Nilikaa chini. Mama mgonjwa, macho hayaoni vizuri, anakesha peke yake gizani akiandika majina ya wafu, na nyumba nzima imelala. Na kwenye simu ananiambia analala vizuri. Sisi mafundi tunaamini saa ya faili kuliko maneno ya mtu, maana tumezoea wateja wanaosema hawakugusa kitu. Sikumuuliza yeyote. Niliumia, na kwa kuwa kujilaumu mwenyewe kulinishinda, nikatafuta wa kumlaumu.

Siku ya khitma ya arobaini, wanawake wakiwa wanapakua pilau nyuma ya nyumba, nikamwambia Mwanaidi mbele yao wote: "Mama alikuwa anakesha peke yake usiku, na wewe umelala." Alinyanyua sinia akaingia nalo ndani. Tangu siku hiyo hatukusemezana, na Salehe akawa ananipigia simu za salamu tu, fupi, kama za mtu anayelipa deni. Mama, wewe uliyetufundisha kukaa pamoja ndiye niliyekutumia kuigawa nyumba yako. Naona aibu kuliandika hili, lakini naliandika.

Miezi ikapita. Mashine niliirudishia diski nikaiweka rafu ya juu, ndani ya begi lake, sitaki kuiona. Wiki iliyopita Salehe akapiga. Akasema Mwanaidi anaiomba kompyuta ya mama, kuna majina mama alimtajia na hayajaingia kwenye ukoo. Akasema hivyo tu, akaniaga. Nilichukia, nikajisemea kumbe sasa ndiyo anakumbuka ukoo. Hata hivyo nikaishusha, nikaona angalau nitimize ile ahadi ya betri kabla haijatoka mkononi mwangu. Safari hii saizi niliipima kwanza.

Nilipokuwa natafuta chaja kwenye mfuko wa pembeni nikaikuta karatasi yangu. Ilikuwa imelainika kwenye mikunjo. Na pembeni, kwa penseli, kwa ule mwandiko wako wa ubaoni, ulikuwa umeweka mahudhurio. Kila siku uliyoipangia mashine saa, ukishahifadhi ukurasa uliandika siku na saa, kama ulivyokuwa ukiandika nani kafika darasani na nani hakufika. Mistari ya mwisho ilisema hivi:

Ijumaa 02:55. Baada ya chai.
Jumanne 03:40. Kasoma Mwanaidi, mimi mshale siuoni.
Alhamisi 04:10. Kasoma Mwanaidi. Wauza samaki wamefika.

Nilisoma mara mbili. Chai yako hukuinywa usiku hata siku moja. Wauza samaki hawapiti alfajiri. Ndipo nikaelewa, nikajiona mjinga kuliko wateja wangu wote. Mshale mfupi wa saa yako ulikuwa kwenye tisa, ukasema tatu, kama tusemavyo sote tangu tuzaliwe, na tatu ndiyo uliyoiandika. Sifuri ukaitanguliza kwa kuwa mimi ndiye niliyekuagiza. Mashine huanza kuhesabu saa sita usiku, sisi huanza jua likichomoza, na mimi nimezoea kubadilisha kichwani kiasi kwamba sikukumbuka kukuambia ubadilishe. Ilikuwa nyuma kwa saa sita, na mtandao wa kuirekebisha hukuwa nao. Hukukesha, mama. Ulikuwa barazani asubuhi, umekunywa chai, na Mwanaidi yuko pembeni yako anakusomea saa.

Nililia dukani, mteja mmoja akadhani nimepoteza kazi zake.

Kesho yake nikafunga duka, nikapanda pikipiki mpaka Mbuchi. Mwanaidi alikuwa anapepeta mchele uani. Aliniona, akaweka ungo chini, akanikaribisha kama vile nilikuja juzi.

"Karibu wifi. Kaa kitako kwanza, upumzike."

Sikukaa. Nikamwonyesha karatasi, nikamweleza habari ya saa, maneno yakinigongana, na nikamwomba radhi kwa ile siku ya khitma. Akaichukua karatasi, akaitazama mistari ya penseli muda mrefu, akapitisha kidole palipoandikwa jina lake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, maana yeye alijua tangu mwanzo kwamba ilikuwa asubuhi.

"Ulikuwa umefiwa, wifi," alisema. "Ningekujibu nini mbele za watu? Ila uliniuma. Usidhani hukuniuma."

Nikamwambia sidhani. Akasema ulikuwa unalala usingizi mzito siku zile, mpaka yeye ndiye aliyekuwa akiamka usiku kukusikiliza kama unapumua. Hilo nalo sikulijua. Ndiyo kusema aliyekesha alikuwa yeye, na mimi nikamwita mlalaji. Tulilia wote wawili, halafu akaenda kupika chai, kwa sababu yeye ni mtu wa kazi.

Tulikaa barazani, palepale. Betri mpya nilikuwa nimeshaiweka dukani, nikafunga parafujo, ila mipangilio niliiacha makusudi ili nimfundishe. Nikawasha. Kioo cheusi, maandishi meupe, malalamiko yaleyale. F2, ukurasa wa buluu. Nilimwachia mishale atembee mwenyewe, nikakumbuka ulivyosema kuhusu kwenda mbio. Akaandika tarehe. Akaenda ukurasa wa kuwashia, akaipandisha diski bila kuniuliza, kumbe alikuwa anakutazama. Ikabaki saa.

Nikamuuliza ni saa ngapi. Akatazama mkono wake, na mkononi alikuwa amevaa saa yako.

"Saa nne na dakika ishirini."

Nilitaka kumweleza kwamba mashine inataka kumi, si nne. Nikaanza, akanikatiza kwa kicheko. Saa kumi, alisema, yeye anakuwa anatoka kuchota maji, sasa mashine hii inataka kumdanganya mchana kweupe? Nikasogeza mkono kwenye vitufe nirekebishe mwenyewe, kwa sababu ndiyo kazi yangu na ndivyo ilivyo sahihi. Halafu nikafikiria kurasa zako zote zile, kila moja na saa yake, na kurasa atakazoongeza yeye zitakavyofuata kwa hesabu yako ileile.

Mimi sasa niko sawa, mama. Nilikuwa nimekuweka moyoni kama mtu aliyeachwa gizani, na picha hiyo imeondoka. Nakuona pale ulipokuwa, asubuhi, mahali penye mwanga, una mtu. Lala salama. Salehe anakusalimu, na Mwanaidi anasema jina la bibi yako mzaa baba ulimtajia mawili, hajui lipi aliandike kwanza, kwa hiyo ameyaandika yote.

Na ile saa, nilitanguliza sifuri nikaandika nne, nikabonyeza F10, kisha Enter. Betri ni mpya, mama. Haitasahau tena.

Ni mimi mwanao, fundi aliyechelewa.