Kutu ya Bunduki ya Marehemu Rajabu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kasiani Josephu Nandonde
Umri: Miaka 67
Kabila: Mmakua
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi wa kutengeneza cherehani; mstaafu, zamani mtunza ghala la silaha, idara ya wanyamapori
Makazi: Chuno, Mtwara Mjini
Tarehe: 15/05/2025, kuanzia saa 4:10 asubuhi
Mwandishi wa maelezo: Koplo Jesca

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema haya kwa hiari yangu, nikijua kwamba nikidanganya naweza kushtakiwa. Sikuitwa na mtu. Nimekuja mwenyewe, na hii ni mara ya pili, kwa sababu jana niliambiwa njoo kesho.

Nilitunza silaha za serikali kwa miaka thelathini na moja. Tangu nistaafu natengeneza cherehani, lakini wenye bunduki za uwindaji bado hunifuata niwakadirie thamani.

Mnamo tarehe 28/04/2025, saa 3 asubuhi, nikiwa kibandani kwangu Chuno, nilipigiwa simu na Saida Zuberi wa Msimbati, mjane wa Rajabu Hassani. Rajabu alifariki mwezi wa Ramadhani. Nilimfahamu. Alikuwa akiwalindia wenzake mashamba ya mihogo dhidi ya nguruwe pori, kwa bunduki aliyoinunua mwaka 1989, yenye leseni. Bi Saida alisema arobaini imekwisha, wanafungua mirathi, na Mahakama ya Mwanzo inataka thamani ya kila alichoacha marehemu. Nilimwambia bunduki ya marehemu haikai nyumbani, waipeleke polisi pamoja na kitabu cha leseni na barua ya mtendaji wa kijiji, nami nitaikagua hukohuko mbele ya askari. Hilo nililisema vizuri.

Akaniuliza, "Fundi, kitu gani kinaiangusha bei?" Mbele yangu alikuwa amesimama mteja na cherehani yake kichwani. Nikajibu, "Kutu, mama. Kutu ndiyo mbaya wake." Nikakata simu. Afande, naomba maneno hayo uyaandike kama yalivyo.

Bunduki yenyewe si ya kifahari. Ni ya kukoki kwa mkono kila risasi, ilitengenezwa kwa ajili ya watu wasio na pesa nyingi, na hata ilipokuwa mpya kitako chake kilikuwa cha mti wa hivihivi. Bunduki ya namna hiyo hainunuliwi kwa sura. Mimi huifungua komeo, kile chuma cha kukokia, naweka karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, nachungulia kutokea mbele. Mifereji ya ndani inayoizungusha risasi ikiwa haijalika, bunduki ni nzima. Nalitikisa komeo nione kama linacheza. Halafu naangalia namba, maana bila namba inayolingana na leseni hakuna wa kuiuza wala wa kuirithi. Kutu ya nje, kwa sisi tunaokaa na chumvi ya bahari, ni kama vumbi kwenye viatu. Hayo yote yangenichukua dakika mbili kumweleza yule mama. Sikumweleza.

Mnamo tarehe 13/05/2025, saa 4:30 asubuhi, nilikutana na Bi Saida hapa kituoni, kaunta. Alikuja na kaka yake, Shafii Zuberi, ambaye ni mchonga vinyago. Shafii alikuwa ameibeba bunduki ndani ya mkeka, kamba juu na chini. Alipoufungua mkeka nilisikia harufu ya kiwi ya viatu. Kitako kilikuwa cheusi tii, kinateleza kama mpingo uliokwisha kupigwa msasa. Chuma kinang'aa hadi unajiona meno.

Niliigeuza upande wa kushoto, juu ya chemba ya risasi, mahali pa namba. Palikuwa laini kama sahani.

Nikamuuliza, "Namba iko wapi?"

Shafii akasema, "Palikuwa na vimaandishi fundi, vimejaa kutu hadi chini. Msasa haukuvifikia, nikaanza na tupa. Siku tatu hizo, sikulala mchana."

Alikuwa anatabasamu. Alidhani namsifu. Afande, mchonga vinyago ukimpa kitu chenye makovu atakilainisha, ndiyo kazi iliyomlea, hata ungempa jembe. Dada yake alimwambia fundi wa mjini amesema kutu inaangusha bei, naye akaenda kuiondoa kutu yote kwa bidii zake zote. Angekuwa mvivu leo asingekuwa mahabusu.

Konstebo wa zamu alichukua kitabu cha leseni, akatafuta namba kwenye chuma, hakuiona. Akasema kufuta namba ya silaha ni kosa kubwa na aliyefuta hatoki. Bi Saida akanigeukia mbele ya watu wote, akasema, "Fundi, si wewe uliyeniambia kutu?"

Konstebo akaniuliza, "Mzee, ulimwambia afute namba?"

Nikajibu, "Sikumwambia."

Ilikuwa kweli, na niliiacha hapohapo. Miaka thelathini na moja sijawahi kupoteza hata risasi moja, na niliona aibu kuandikwa kwenye kesi ya bunduki isiyo na namba. Shafii alivuliwa mkanda na viatu. Nilirudi Chuno, na kufika saa 7 mchana nilikuwa nimevunja sindano tatu kwenye cherehani ya mwenzangu. Nilikuwa na hasira na Shafii, na yule mama, na konstebo. Jioni ikabaki hasira na mimi mwenyewe, na hiyo haijaisha.

Tarehe 14/05/2025 nilifika hapa saa 2 asubuhi. Nilisema bunduki za aina hii zina namba mahali pawili. Moja ni ile iliyofutwa. Ya pili imegongwa chini ya mtutu, imefunikwa na mti wa kitako, na tupa ya Shafii haiwezi kuifikia bila kufungua skrubu mbili. Nikaambiwa bunduki sasa ni kielelezo na haiguswi. Nikaomba basi waifungue askari wenyewe. Nikaambiwa mwenye ruhusa yuko kwenye kikao. Nilikaa kwenye benchi hadi saa 9 alasiri. Bi Saida alikuwa benchi la pili na chakula cha kaka yake kwenye hotipoti. Hakunisalimia.

Leo nimekuja na bisibisi yangu ya cherehani. Imechukuliwa getini kwa sababu kitu chenye ncha hakiruhusiwi kuingia. Sawa, ni utaratibu. Lakini mtu amelala sakafuni siku mbili kwa skrubu mbili!

Kuhusu thamani niliyoitiwa, nilikuwa nimeipigia kichwani laki saba. Baada ya tupa na kiwi nasema laki nne, kama namba ya chini itaonekana. Isipoonekana ni chuma na kuni, na mjane hana cha kupeleka mahakamani isipokuwa kesi ya kaka yake. Nitaandika bei hiyo kwa mkono wangu, na nitaandika pia aliyeishusha ni nani. Si Shafii.

Nimesomewa haya yote nikayaelewa, sina la kupunguza. Yangetoka kinywani mwangu juzi, nisingekuwa na haja ya kuyaleta leo.

Sahihi ya shahidi: K. J. Nandonde

MAELEZO YA MWANDISHI: Mimi Koplo Jesca nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea, akasaini mbele yangu saa 5:35 asubuhi. Saa 7:50 mchana, kwa ruhusa ya Mkuu wa Kituo na mbele yake, bunduki ilifunguliwa kwa bisibisi ya shahidi iliyorudishwa kutoka getini. Chini ya mtutu namba imeonekana na inalingana na kitabu cha leseni. Shafii Zuberi ameachiwa saa 8:20 mchana, amekabidhiwa kwa dada yake. Sehemu iliyokuwa imefunikwa na mti ina kutu nyingi. Shahidi ameomba iandikwe kwamba kutu hiyo mtu asiiguse.