Kuhusu Kumbukumbu za Baba Zilizosemekana Kufutwa

Gaborone, Botswana

Kwako Baba Mkubwa, mwenyekiti wa ukoo wetu. Kwako Mama, uliyebaki na nyumba ya Msamala. Kwako Shangazi Osmunda. Kwenu ndugu, shemeji na watoto mliokusanyika. Na kwako Otmar, mdogo wangu, ambaye nimekuomba uisome barua hii kwa sauti, polepole, bila kuruka mstari hata ule utakaokuchoma.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, nawasalimu kwa upendo. Natumaini kikao kimewakuta wazima, na kwamba goti la Mama limetulia tangu baridi ipungue. Mimi ni mzima. Huku mvua bado, vumbi linaingia hadi kwenye madaftari ya wanafunzi, lakini ninafundisha, ninakula na ninalala salama. Kila nikisimama mbele ya darasa nakumbuka kwamba mlinikubalia niendelee na hesabu wakati shamba lilihitaji mikono. Kwa hilo sijawahi kuwashukuru vya kutosha, na leo nashukuru tena.

Shukrani ndiyo iliyonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwa simu nimekwisha kusema, na ndiko tulikoharibu.

Wapo kati yenu ambao hawakuwepo siku ile, kwa hiyo nieleze tangu mwanzo. Katika miaka miwili ya mwisho ya ugonjwa wake, Baba alimsimulia shemeji yetu Winfrida, mjane wa ndugu yetu marehemu Ditram, habari za ukoo wote: nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi, na kila mmoja amelala wapi. Winfrida, ambaye kazi yake ni kuchapa na kutoa kopi katika duka lake pale Majengo, alikuja kila Jumapili baada ya misa akaandika maneno hayo kwenye kompyuta ya Baba. Baada ya matanga kompyuta ile iligoma kuwaka. Otmar akaipeleka kwa fundi, ikarudi inafanya kazi, nasi tukashukuru.

Mlipokutana mwezi wa Juni kupanga kujengea kaburi la Baba, mlitaka kumbukumbu zile zisomwe. Otmar akaandika neno "makaburi" kwenye kile kisanduku cha kutafutia kilicho chini ya kioo. Jibu likaja: hakuna. Akaandika jina la Babu: hakuna. Winfrida akasogea, akaandika mwenyewe jina alilolipa faili, "Kazi ya Mzee". Hakuna.

Nimeambiwa yaliyosemwa baadaye, nami nayarudia kwa idhini ya Shangazi. Shangazi alisema, "Mke wa kuolewa huyo, leo yupo, kesho ataolewa kwingine. Majina yetu ya nini kwake?"

Winfrida akajibu, "Shangazi, nimempikia uji kaka yako miaka miwili. Uji sikuutupa, nitupe majina?"

Hapo ndipo Baba Mkubwa alipoagiza nipigiwe simu, sauti iwekwe juu wote wasikie. Akaniuliza, "Wewe ndiye msomi wetu. Kompyuta ikisema hakuna, maana yake nini?"

Nilikuwa natembea kwenda darasani, chaki mkononi. Nikajibu bila kusimama: "Ikisema hakuna, basi halimo. Kuna mtu amelifuta."

Hakuna aliyehitaji kusikia zaidi. Winfrida alichukua mkoba wake akaondoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga Msamala, wala watoto wa Ditram hawaji tena kwa bibi yao. Mama hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba bado anasonga ugali wa watu watano, kisha anawapa kuku uliobaki.

Sasa nieleze nilivyofundishwa. Mwezi uliopita nilitafuta mtihani niliokuwa nimeutunga kwenye kompyuta ya shule. Kisanduku kikaniambia hakuna. Nikaingia kwa hasira katika ofisi ya mama anayetunza kompyuta zetu, Mma Seeletso, nikimtaja mwalimu mwenzangu niliyeamini ameufuta. Alikuwa anakula karanga. Hakuacha.

"Rra," akasema, maana ndivyo mwanamume anavyoitwa kwa heshima huku, "umemuuliza nani?"

"Kompyuta."

"Hapana. Umeuliza orodha yake. Kompyuta yenyewe hujaiuliza."

Mnajua katibu wa parokia anavyofanya tukimwendea kutafuta cheti cha ubatizo. Hafungui vitabu vyote vya miaka yote. Anafungua daftari moja lenye majina kwa mpangilio wa herufi, na daftari hilo linamwambia ni kitabu kipi, ukurasa upi. Lakini kama kitabu cha kigango fulani hakikuwahi kuletwa ili majina yake yaingizwe, atakutazama usoni akuambie papo hapo hujabatizwa, ilhali maji ulimwagiwa na chumvi ukalamba.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Wakati haina kazi nyingi, hupita kimyakimya ikisoma mafaili, na kila neno inaloliona huliandika katika orodha yake pamoja na mahali lilipo. Ukihifadhi faili jipya, inapata habari na kuliongeza. Ndiyo maana ukiuliza inajibu kabla hujapepesa jicho: imekwisha kusoma zamani, sasa inafungua daftari tu. Lakini haisomi kila mahali. Imepangiwa sehemu chache ambazo watu wengi huweka kazi zao. Faili lililo nje ya sehemu hizo haliingii katika orodha mpaka mtu aiagize. Kwa hiyo ikisema hakuna, inasema: hakuna katika daftari langu. Mimi, mwalimu wa hesabu, niliwatafsiria kwamba hakuna kabisa.

Mma Seeletso aliupata mtihani wangu kwa kufungua folda moja baada ya nyingine. "Na yule mwalimu uliyetaka kumla nyama," akasema, "mpelekee chai." Nikapeleka chai. Lakini niliyemwona mbele yangu alikuwa Winfrida na mkoba wake.

Nikampigia Otmar, nikamwomba asiguse kisanduku bali aingie sehemu ya pili ya hifadhi ya kompyuta ya Baba, ambayo orodha haiifikii, na kutazama kwa macho. Fundi alikuwa amehamishia humo mafaili ya Baba ili yasipotee alipokuwa akitengeneza, na simlaumu, maana bila yeye tusingekuwa nayo. Otmar akasema, "Kaka, lipo. Kazi ya Mzee. Kurasa arobaini na moja." Akashuka hadi ukurasa wa mwisho, akasema, "Jina la mwisho ni la Baba mwenyewe."

Tarehe ya mwisho ya kuhifadhiwa ni siku ya tatu ya matanga. Tulipokuwa tunapangiana kazi za kupokea wageni, Winfrida alikaa peke yake akamwingiza Baba: jina lake, wazazi wake, watoto wake, na maneno haya, "Amezikwa Msamala, kushoto kwa mama yake. Mvua ilinyesha kidogo."

Namshukuru Mungu kwamba jambo hili limejulikana wakati sote tungali hai. Namshukuru Mma Seeletso na karanga zake. Namshukuru Otmar, ambaye ameiagiza kompyuta isome na sehemu ile, ikashinda kutwa ikisoma; sasa ukiandika "makaburi", yanakuja. Zaidi ya wote namshukuru Winfrida, na mbele yenu wote nakiri kwamba kosa kubwa si la aliyesema kwa hasira, bali ni langu niliyesema kwa uhakika.

Nisalimieni majirani wote, na katekista aliyemwombea Baba. Mama, wajukuu wako nawasalimu kupitia kwako, maana naamini utawaona kabla sijawaona mimi.

Baba Mkubwa nimekwisha kuzungumza naye, naye ameniruhusu nitangaze uamuzi huu. Kikao hiki hakitajadili kaburi wala jambo jingine lolote sasa. Baba Mkubwa, Shangazi Osmunda na Otmar wataondoka kwenda Majengo, dukani kwa Winfrida. Asipigiwe simu, wala asitumiwe mtu. Msiende mikono mitupu. Mama anajua kinachopaswa kubebwa. Mumwombe radhi mbele ya wateja wake, kwa sababu alishutumiwa mbele ya watu. Mimi nimeomba ruhusa kazini, nimekaa, simu iko mezani; mkiwa kwake mnipigie, nami nitaomba radhi baada yenu. Akikubali, arudi nanyi asome ukurasa wa kwanza kwa sauti yake, ndipo kikao kianze. Akikataa leo, kikao kimeahirishwa, na mtakwenda tena kesho.

Mwanenu,
Xaver

Otmar, kunja barua. Wazee wanatafuta viatu vyao.