Kulia, Juu ya Sikio

Jumatatu, 3 Machi 2025

Flora, una akili kweli? Nilikwambia mara mbili: mtoto asipakwe mafuta kichwani! Tumetoka Butiama mpaka Musoma, mpimaji anashika nywele, mkono unateleza. Waya za kupima umeme wa ubongo hazigandi. Katuambia: rudini Jumatano, kichwa kioshwe kwa sabuni. Eti Flora: Mama, niliona aibu aende mjini amepauka. Aibu! Binti yako wa miaka kumi na mbili anaanguka darasani, wewe unaona aibu ya nywele.

Nimemfumua mwenyewe. Wegesa kakaa katikati ya magoti yangu. Ghafla anatafuna hewa. Mkono unavutavuta kanga yangu. Macho yako kwingine. Marehemu dada alikuwaga hivyo hivyo, kabla hajaangukia moto. Nikajikuta naita, "Wankyo!" Jina hilo hatulitajagi mbele ya huyu mtoto.

Jumatano, 5 Machi

Waya zimeganda, kichwa kizima. Wegesa anacheka: "Bibi, nimekuwa redio?" Tulimnyima usingizi kwa amri yao, ili alale pale pale. Akalala. Mistari inatembea kwenye kioo cha mashine. Halafu ikachongoka — na mtoto hajatikisa hata kidole! Nani yumo humo?

Daktari Masatu akaonyesha: umeme unaanza kuvurugika hapa, kulia, juu ya sikio. Hapo tu. Akauliza, utotoni alipata homa, akatikisika muda mrefu? Kama ndiyo, huenda pana kovu. Mwanza watapiga picha ya ubongo, jibu letu liwaonyeshe cha kutafuta. Dawa zikishindwa, wengine hupasuliwa wakapona. Flora akanitazama. Wakati ule alikuwa chuo, mtoto aliniachia mimi.

Nikasema hapana. Homa ya kawaida.

Ijumaa, 7 Machi

Ameanguka tena. Jikoni, hatua moja toka mafiga! Nimemvuta mguu. Alipozinduka kaniuliza: Bibi, nani kasimama nyuma yako?

Hakukuwa na mtu. Sikugeuka.

Mtoto huyu alipozaliwa, jina la dada, Wankyo, nilimpa mimi. Ana miezi tisa, homa, akaanza kutikisika. Nikasema jina limemkataa, dada kakasirika. Hospitali? Sikwenda. Niliita wazee tumbadilishe jina. Jua limechomoza anatikisika, jua limefika utosini anatikisika, sisi tunataja majina ya marehemu, moja moja, tunamtazama. Tulipotaja Wegesa akatulia. Nikapiga vigelegele! Miaka yote najisifu: huyu nilimwokoa mimi.

Alikuwa amechoka tu. Na dada yangu nikamsingizia, kaburini.

Flora nimemwita. Kaja na mikono ya unga, ananung'unika — Mama nini tena, ugali utaungua. Uungue! Nimemwambia: futa mikono, mpigie daktari Masatu. Akipokea, simu unipe mimi. Na wewe usitoke, Flora. Kaa hapo usikie.