Mpaka wa Serafina

Muleba Mjini,
Jumanne.

Mdogo wangu mpendwa Violeth,

Bwana Yesu asifiwe. Nakusalimu nikitumaini kwamba goti limepunguza kuuma, na kwamba umemtii daktari ukaacha kusimama mazoezi yote ya kwaya kana kwamba wimbo hauwezi kuimbwa na mtu aliyekaa. Watoto hawajambo? Mama anakula, au bado analalamika kuwa chakula chako hakina chumvi? Mwambie mimi mzima. Mwilini ni mzima.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako mumeo Gozbert huipokea mara nyingi kuliko wewe mwenyewe, na haya yanamhusu yeye. Halafu kwenye simu ungenikatiza, nami ningepandisha sauti, tungeishia kugombana kama kawaida yetu. Barua hii nimempa Limi, yule mama wa Kisukuma anayeleta samaki kutoka visiwani. Nimemwomba akupe wewe mkononi, asimwachie mtu mlangoni.

Unajua tulivyoondoka kwenu Bakoba Jumamosi: mumeo, mimi, na Haruni mwenye Landkruza. Unajua pia nilivyoipinga safari ile. Nilisema, na bado nasema, ni wazimu watu wazima kusafiri na mahema na majiko kwenda kutafuta barabara mbovu kwa starehe, wakati kuna vijiji vizima vinavyopewa barabara hizo bure na kubeba wajawazito kwenye machela. Gozbert alicheka sana. Akasema, shemeji, wewe utakufa na kalamu mkononi na tope hujawahi kulikanyaga. Nikapanda gari kwa hasira. Wengi wetu hupanda magari yasiyo yetu kwa namna hiyo.

Jumamosi ilikuwa njema, siwezi kukataa. Tulipiga mahema ndani ya msitu, Haruni akachoma nyama, mumeo akatuigiza mahakimu anaowajua mpaka mbavu zikaniuma. Jumapili tukaamka na mvua. Haruni akasema turudi kwa njia ya bondeni, ndiyo yenye utamu. Utamu wenyewe uliishia pale msitu unapokoma na mashamba kuanza. Gari lilizama upande mmoja, likalala na tumbo lake chini kama nguruwe aliyeshiba. Waya wa winchi ya kulivutia ukakatika. Jeki tuliyoweka ilimezwa na tope tukiiangalia. Mtandao hakuna. Nyuma yetu miti iliyofungana na ukungu, kushoto kinamasi, mbele kilima kinachoteleza kama sabuni. Milango ya upande mmoja haikufunguka, ikawa tunaingia na kutoka kwa kupandana. Vioo vikajaa mvuke wa pumzi zetu. Ukimaliza utani na watu uliofungiwa nao, Violeth, ndipo unasikia jinsi kila mmoja anavyohema.

Hayo uliyasikia Jumapili usiku tulipofika kwako na matope yetu, ukatupa chai, ukatucheka, ukatuita nshomile waliosoma vyote isipokuwa udongo. Ulisikia pia kwamba wenyeji wema walituvuta. Sasa sikia ambayo hukuambiwa.

Tulihitaji kitu cha kutia chini ya matairi. Shoka hatukuwa nalo. Pembeni ya njia palikuwa na mstari wa milamula, imenyooka kutoka msituni hadi kwenye mgomba wa kwanza. Mimi na wewe tumekulia Ijuganyondo. Hata mtoto wa Kihaya anayejifunza kutembea hupigwa kofi akiugusa mlamula wa jirani, maana huo ndio mpaka, na ulipo hapo kuna mtu aliyekwisha kufa aliyeupanda mbele ya mashahidi. Haruni ni mtu wa Shinyanga, akauliza kama ile mimea ina mwenyewe. Nikamjibu ni magugu tu. Mvua ilikuwa imelainisha ardhi, nikaing'oa kirahisi. Mumeo aliniona. Alinitazama, kisha akanisaidia kubeba.

Gari halikutoka. Waliotoka ni watu, kutoka kwenye migomba. Mbele alikuwa bwana mmoja anaitwa Paulo, mchangamfu, amebeba kisahani cha kahawa za kutafuna. Akatupa pole, akatuita waitu kwa heshima, akatuambia tusijali, pale ni kwake. Nyuma yake alikuja mwanamke mzee, Serafina, mjane wa kaka yake. Huyo hakuona wageni wala gari. Aliona mashimo. Alikaa chini kwenye tope na kanga yake, akatia mkono katika shimo moja baada ya jingine kama anayetafuta kiazi.

Tulielewa haraka. Tangu mume wake afariki, Paulo anadai kuwa kipande chote cha bondeni ni chake. Kesi yao iko kwenye baraza la ardhi, na mjane hana ushahidi mwingine ila milamula ile. Paulo alituvuta kando, bado anatabasamu. Akasema vijana wa kututoa wapo, kamba zipo, wote ni wa ukoo wake. Mwenyekiti wa kitongoji yuko njiani. Sisi tuseme tu kwamba hapo hatukukuta mlamula, ile iliyo chini ya matairi tuliiokota kijitoni. Mumeo akasema, kwa ile sauti yake ya mahakamani, kwamba wageni hawana wajibu wa kujua mipaka ya watu. Vijana wakakaa juu ya kamba zao, wakatutazama. Mvua ikaongezeka. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya msitu, na mimi nilitaka kutoka mle kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Mwenyekiti alipofika alinitambua. Alisema amesoma makala zangu za kutetea mashamba ya wajane, akawaambia watu, huyu akisema hakuna, basi hakuna. Wote wakanigeukia mimi. Nikasema hakuna.

Mimi ndiye niliyesema, Violeth, siyo Gozbert. Nimekwisha kuchana kurasa mbili nilizomtwika yeye mzigo. Gari lilivutwa mara moja, likatoka kama jino bovu. Serafina alisimama, akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikamjibu ndiyo. Akasema, msalimie.

Jana nilirudi huku Muleba kwa basi. Nilimwambia mwenyekiti ukweli. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza: Jumapili ulisema hivi, leo unasema vile, baraza limwamini Mwijage yupi? Nimejifungia kwa mdomo wangu. Serafina hakunifungulia mlango, na sina ninachomdai. Haruni nilipomweleza kwenye simu mmea ule ni nini alisema atakuja. Lakini Paulo atasema Msukuma hajui mlamula wala mgomba. Aliyebaki ni mumeo: ni Mhaya, ni mwanasheria, aliyaona mashimo na aliibeba milamula mikononi. Nimempigia. Anasema nisimharibie jina kwa sababu ya mistari ya majani.

Sikuombi umwache wala umnunie. Nakuomba umsomee barua hii kwa sauti yako, mpaka mwisho, bila kuruka pale nilipojitaja mimi. Baraza ni Alhamisi. Asubuhi hiyo nitakuwa kituo cha mabasi nikiwatazama wanaoshuka. Asiposhuka, nitakwenda na Haruni, na nitasema mbele ya watu wote kwamba nilidanganya. Wataniita mwongo. Utakuwa ndio ukweli wa kwanza kusemwa pale tangu Jumapili.

Wasalimie watoto wote, na kwaya, hasa wale wa sauti ya nne wanaonichukia. Mama mfikishie salamu zangu, na za Serafina, maana nilitumwa. Mungu akulinde, nawe ulilinde hilo goti.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Mwijage